Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Gari, Hifadhi ya Nje na Umeme wa Akiba

SWALI: Mhariri, salaam. Nina Toyota Noah ninayoitumia kubeba abiria wa kukodi kutoka Dodoma mjini kwenda Kondoa na Mpwapwa, na mara mojamoja Dar es Salaam. Mwaka jana nilifunga kamera ya dashibodi yenye lenzi mbili, ya mbele na ya nyuma. Ilipofika Novemba betri yake ya ndani ilivimba mpaka kava likaachia, na usiku mmoja, gari likiwa limeegeshwa nje ya nyumba, mtu aligonga mlango wa kushoto akaondoka zake. Nilipofungua memori kadi sikukuta chochote cha usiku ule. Sasa nimenunua kamera nyingine ya 4K, yaani ya picha za ubora wa juu sana, pamoja na SSD (hifadhi ya nje ya data) ya terabaiti 1, nikitarajia kutunza safari za miezi mitatu. Jirani yangu ananishauri niiwashe usiku kwa pawabenki, na fundi rewaya anasema tuiunge moja kwa moja kwenye betri ya gari. Nimfuate nani kati yao? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa mlango wa gari, na pole zaidi kwa kukosa ushahidi ilhali kamera ulikuwa nayo. Ushauri wa jirani uuache. Wa fundi uufuate nusu, kwa masharti nitakayoyaeleza.

Tuanze na betri iliyovimba, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengine yote. Gari lililofungwa vioo likaachwa juani mchana wa Oktoba au Novemba hapa kwetu huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi ndani, na juu ya dashibodi, ambako jua hupiga moja kwa moja, joto huzidi hapo. Betri ndogo za lithiamu-ayoni zilizomo ndani ya kamera nyingi za bei nafuu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, nazo huchajiwa papo hapo unapowasha gari lililotoka kuungua juani. Zikifanyiwa hivyo kila siku kwa miezi, gesi hujengeka ndani yake na kuvimba hufuata. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote soma kijitabu cha kamera mpya uone kama inatumia superkapasita, yaani kifaa kidogo cha kutunza umeme kwa muda mfupi, badala ya betri. Superkapasita huvumilia joto vizuri zaidi. Haitoi umeme wa kurekodi usiku, bali umeme wa sekunde chache unaoiwezesha kamera kufunga faili la mwisho pindi umeme unapokatika. Ikiwa kamera uliyonunua ina betri ya lithiamu na duka bado linakubali kubadilisha, ningekushauri uirudishe leo hii. Pawabenki ya jirani ina udhaifu uleule, tena kwa ukubwa zaidi: ni furushi la lithiamu-ayoni ambalo ungeliacha ndani ya gari mchana kutwa, na hilo ni jambo la hatari ya moto.

Sasa hesabu ya umeme, ambayo naomba uifanye kwa kalamu kabla fundi hajashika bisibisi. Tuseme kamera yako yenye lenzi mbili hutumia wati 4 ikiwa imeegeshwa, na SSD huongeza wati 2. Jumla ni wati 6. Ukiegesha saa moja jioni na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni saa 11, yaani wati-saa 66; ukiongeza upotevu wa kushusha volti 12 kuwa volti 5, weka wati-saa 75. Kwenye betri ya gari ya volti 12 hizo ni ampea-saa 6 na ushee kwa usiku mmoja. Betri nzima ya ampea-saa 45 huzimudu bila shida, na ndiyo maana fundi wako hakukosea kabisa. Lakini gari likikaa nyumbani tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60 hivi, kamera itakuwa imenyonya ampea-saa 34 kati ya 45, na Jumatatu utaomba kusukumwa. Isitoshe, betri ya asidi na risasi inayoshushwa hivyo mara kwa mara huchakaa upesi, na joto la hapa tayari linaifupishia maisha.

Masharti yangu kwa fundi, basi, ni haya. Asiunge waya mtupu kwenye betri. Atumie kifaa cha kushushia umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya kamera hiyo, chenye uwezo wa kukata umeme wenyewe volti zinaposhuka. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limetulia, na ikifika 12.2 imebaki karibu na nusu. Kwa hiyo akiweka kikomo cha kukatia kwenye 12.2 gari litawaka asubuhi, na kama betri yako ina miaka mitatu au zaidi aweke 12.4. Katika seti nyingi waya huwa watatu: mweusi wa bodi, mwekundu wa fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa, na wa njano wa fyuzi yenye umeme wakati wote. Rangi zisiaminiwe, kila fyuzi ipimwe kwa mita, ufunguo ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa, kwa maana waya wa njano na mwekundu vikibadilishana kamera haitajua lini gari limeegeshwa. Na waya unaoshuka kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele upite nyuma ya eabegi ya pembeni kama gari linayo, usikatize mbele yake kamwe.

Kama unataka ulinzi wa zaidi ya usiku mmoja, hapo ndipo betri ya akiba inapokuwa na maana. Chagua ya aina ambayo kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Ni lithiamu pia, ila kemia yake ni tulivu zaidi penye joto na huvumilia kuchajiwa mara nyingi. Ya volti 12.8 na ampea-saa 12 hubeba wati-saa 153, nazo ni kama usiku wako mara mbili. Huchajiwa gari linapotembea, na hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: ikiwa inapokea ampea 5, kurudisha wati-saa 75 za usiku mmoja kutachukua zaidi ya saa moja ya injini kuwaka. Safari ya Kondoa itaijaza. Mizunguko ya Majengo na Sabasaba, dakika kumi kumi, haitaijaza, na baada ya siku tatu utadhani betri ni mbovu. Ifungwe chini ya kiti, mahali pasipopigwa na jua, nayo iwe na fyuzi yake.

Nije kwenye SSD. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo, lakini ni heri ujue sasa. Picha ya 4K ya lenzi ya mbele huandikwa kwa kasi ya megabiti 50 hivi kwa sekunde, na ya nyuma, ikiwa ni 1080p (ubora wa chini kuliko 4K), megabiti 16 hivi. Ukijumlisha na kugawa kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, unapata takriban megabaiti 8 kwa sekunde, yaani gigabaiti 30 kwa saa. Terabaiti 1 hujaa baada ya saa 33 za kurekodi mfululizo. Si miezi mitatu. Ni juma moja la dereva anayefanya kazi. Hata hivyo saa 33 si haba. Memori kadi ya gigabaiti 128 hubeba saa 4 tu kwa kiwango hicho, maana yake ukiondoka Dodoma alfajiri, ukifika Chalinze picha za kuondokea zimekwisha kufutwa na mpya zimeandikwa juu yake. Kwa safari ya kilomita 450 hivi hadi Dar es Salaam, hifadhi ya nje inakupa safari nzima ya kwenda na ya kurudi bila kupoteza dakika.

Lakini je, kamera yako inaikubali SSD? Tundu la USB kwenye kamera nyingi ni la kuingizia umeme tu, na ukichomeka SSD hapo hakuna kitakachotokea. Tafuta kwenye kijitabu maneno yanayotaja hifadhi ya nje waziwazi. Ikiwa haikubali, usilazimishe kwa adapta. Nunua memori kadi kubwa ya aina iliyotengenezwa kwa kuandikwa mfululizo, kisha SSD uitumie nyumbani kunakilia safari muhimu. Ikiwa inakubali, iunge kwa kebo ya data, kwani kebo za kuchajia tu hazipitishi picha, uifomati kwa mfumo wa exFAT kupitia kamera yenyewe, na uiweke kwenye droo ya mbele ya abiria au chini ya kiti. Diski kuu ya zamani yenye sahani inayozunguka usiithubutu. Mtikisiko utaiua.

Memori kadi ukiinunua, ijaribu kabla ya kuiamini. Madukani zipo kadi bandia zinazoonyesha gigabaiti 256 ilhali ndani ni 16. Programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi nzima na kuisoma upya, na hapo uongo hudhihirika.

Jambo la mwisho kwako ni kihisi cha mtikisiko. Kamera ikihisi kishindo hulifunga faili lisifutwe, na kwa matuta tunayokutana nayo kila penye makazi kando ya barabara kuu, achilia mbali barabara za vumbi za vijijini, kihisi kilichowekwa kwenye kiwango cha juu cha kuhisi hufunga mafaili mamia yasiyo na maana mpaka nafasi inakwisha na kamera inagoma kurekodi. Nina dhana kubwa kwamba usiku ule wa mlango ndivyo ilivyokuwa, kama si betri. Weka kiwango cha chini unapotembea na cha kati unapoegesha, na kila Jumapili lifungue folda la matukio ufute yasiyohusika.

SWALI: Shikamoo mwandishi, mimi nimepita miaka sitini lakini nakuamkia kwa heshima ya kazi yako. Naendesha Fuso yenye betri mbili, kati ya Manyoni na Kibaigwa. Fundi alinifungia kamera kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu ili apate volti 12. Sasa betri ile inakufa kila baada ya miezi michache na nyenzake ni nzima. Kuna uhusiano? (Dereva wa lori, Manyoni)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, salamu hiyo nairudisha kwako inakostahili. Uhusiano upo, na ni wa moja kwa moja. Betri zako mbili zimefungwa kwa mfuatano kutoa volti 24, na altaneta huzichaji kana kwamba ni betri moja. Unapochukua umeme kwenye moja tu, hiyo hubaki nyuma siku zote na haijai tena, wakati nyenzake huchajiwa kupita kiasi. Fundi auondoe waya ule, atumie kifaa cha kushushia umeme kinachopokea volti 12 hadi 24, akiunge kwenye volti 24 kamili, na kikomo cha kukatia kiwe cha mfumo wa 24, karibu na volti 24.4. Betri hizo mbili zibadilishwe kwa pamoja, zenye umri na ukubwa mmoja. Ukitaka na betri ya akiba kama ya mwenzako wa Nkuhungu, hakikisha imeandikwa kwamba inapokea volti 24, maana iliyotengenezwa kwa 12 peke yake itaungua siku ya kwanza.

SWALI: Rekodi ya kamera inakubalika polisi na mahakamani? Na je, ninaruhusiwa kuwarekodi abiria? (Msomaji, Nzuguni)

JIBU: Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hakiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, bali huangalia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama haukuguswa. Kwa hiyo faili la asili libaki kama lilivyo: usilikate, usiliongezee maandishi, usilitume kwa WhatsApp ukadhani hiyo ndiyo nakala, kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Nakili kwenye hifadhi ya pili na ile kadi uitoe kwenye kamera, uweke nyingine.

Saa ya kamera nayo iangalie kwa makini. Iweke kwenye majira yetu, yaani UTC+3, kwa mfumo wa saa 24. Saa mbili asubuhi iandikwe 08:00. Anayeandika 02:00 kwa kufuata tunavyotamka atakuwa na rekodi inayoonyesha ajali ya mchana kweupe imetokea usiku wa manane, na wakili wa upande wa pili hatahitaji hoja nyingine.

Kuhusu abiria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia sura na sauti za watu. Lenzi inayotazama barabara haina ugumu mkubwa. Inayotazama ndani ni jambo jingine: bandika tangazo linalosomeka mlangoni, mweleze abiria kabla hajakaa, zima kipaza sauti kama huna sababu ya kukihitaji, na picha za watu usizipeleke mitandaoni hata kama zinachekesha.