Pima Volti Kabla ya Kusifu Amplifaya

Ukianza kazi ya sauti, iwe ni kutengeneza amplifaya, kurekodi au kufunga vyombo vya kusikilizia muziki, haitapita wiki kabla hujaingizwa kwenye ugomvi wa miaka mingi. Kuna watakaokwambia kwamba kila waya una sauti yake, fyuzi ina sauti yake, hata waya wa umeme unaotoka ukutani hubadilisha koo la mwimbaji. Wengine watakwambia kwamba amplifaya zote ni moja na anayesikia tofauti anajidanganya. Usikimbilie kuchagua upande. Nilichojifunza ni kwamba wengi wanaobishana hawajawahi kulinganisha vyombo viwili kwa haki hata siku moja, na kulinganisha kwa haki ndiyo kazi ya kwanza ninayotaka uijue, kabla hujafungua hata skrubu moja.

Nikueleze yaliyonikuta. Nilikuwa na amplifaya mbili mezani, moja ya zamani niliyoizoea na nyingine mpya. Wiki nzima nikawa nasikiliza hii, nasikiliza ile, na kila mara mpya ndiyo iliyonivutia. Mwimbaji alisogea mbele, besi ilikaza, matoazi yakapata nafasi ya kupumua. Niliyaandika yote kwenye daftari na niliyaamini. Fundi aliyekuwa akinifundisha aliyasoma bila kubisha. Akapiga toni ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, akagusisha ncha za mita kwenye vituo vya spika, akasoma: ya zamani volti 2.00, mpya volti 2.09. Mimi nilikuwa nimeweka vitufe vya sauti mahali palepale kwenye zote mbili, nikidhani nimezisawazisha. Akaishusha ile mpya mpaka mita ikasoma 2.00, akatundika kitambaa mbele ya meza nisione kitu, akaanza kubadilisha. Yale matoazi yaliyokuwa yakipumua sikuyasikia tena. Nilijaribu mara 16 kutaja ipi ni ipi, nikapatia 9, sawa na mtu anayerusha shilingi.

Tofauti ya 2.00 na 2.09 ni kama desibeli 0.4, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ni ndogo kiasi kwamba huwezi kusema "hii inapiga kwa nguvu zaidi". Unachohisi ni kwamba hii ni nzuri zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo. Tangu watafiti Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio halisikii masafa yote, kuanzia besi hadi sauti nyembamba, kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayofifia haraka kuliko katikati. Ukipandisha sauti, muziki hujaa. Kwa hiyo sheria ya meza yangu ni moja: vyombo viwili visilinganishwe mpaka viwe ndani ya desibeli 0.1. Kwenye mita, hiyo ni kama asilimia moja ya volti, yaani 2.00 kwa 2.02. Kazi ya dakika tano. Sijui kwa nini watu hutumia miezi kubishana badala ya hizo dakika tano.

Baada ya volti, ficha vyombo. Hapa wageni wengi hukasirika, wanaona kama wanashukiwa uongo. Si hivyo. Mwaka 1976 wanasaikolojia McGurk na MacDonald walionyesha kwamba ukimsikilizisha mtu silabi "ba" huku anatazama midomo inayotamka "ga", wengi husikia "da". Sauti ambayo haikutoka popote, wameisikia kweli. Jicho limo ndani ya kusikia kwetu na hakuna anayeweza kulitoa kwa kukaza nia. Na wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Chombo kipya, kizito, chenye uso wa alumini, kinaingia sikioni kupitia machoni.

Lakini kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi, na ningependa ukae nalo. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman, waliwapa watu 40 spika zilezile wazipime mara mbili, mara moja nyuma ya pazia na mara moja wakiziona. Alama zilibadilika, hilo lilitarajiwa. Cha kushangaza ni kwamba walipokuwa wakiziona, wasikilizaji walishindwa kutambua mabadiliko ya kweli. Spika ikihamishwa ndani ya chumba sauti yake hubadilika sana, na nyuma ya pazia waliyasikia mabadiliko hayo vizuri; walipoiona, alama zao karibu hazikusogea. Macho yao yalikuwa yameshaamua. Kwa hiyo pazia si la kukuumbua. Linakurudishia masikio yako.

Namna inayotumika sana ya kusikiliza bila kuona ni ile ya ABX, ambayo David Clark aliieleza mwaka 1982 kwa chombo maalumu cha kubadilishia. Una A, una B, unazijua. Kisha unapewa X ambayo ni mojawapo, na kazi yako ni kusema ni ipi. Sikiliza kadiri upendavyo, rudia, pumzika, kunywa maji. Ila amua idadi ya majaribio kabla hujaanza, usisimame pale unapoona mambo yanakwenda vizuri. Kupatia 7 kati ya 10 kunasikika kama ushindi, lakini anayebahatisha hufika hapo au zaidi mara 17 katika kila 100. Kupatia 12 kati ya 16 ni chini ya 4 katika 100, na hapo ndipo mimi huanza kuvuta kiti nikae karibu. Anayebadilisha naye asijue X ni ipi, au awe mahali usipomwona wala kumsikia. Mguno mdogo unatosha kuharibu siku nzima ya kazi.

Sasa, usije ukatumia jaribio hili kama rungu. Ukishindwa kusikia tofauti, umethibitisha kwamba wewe, siku hiyo, kwa muziki ule, hukusikia. Chukua mfano wa rekodi za ubora wa juu kuliko CD. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio ambamo sauti ya rekodi hizo ilipitishwa kwenye kipimo cha CD, yaani biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha wasikilizaji wakaulizwa kama wanaitambua. Katika majaribio 554 walipatia 276, nusu kwa nusu. Mwaka 2016 Joshua Reiss alijumlisha majaribio 18 ya watafiti mbalimbali, zaidi ya majibu 12,500, akapata asilimia 52.3 ya majibu sahihi, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Wapo wanaoshika la kwanza na kulificha la pili, na wapo wanaofanya kinyume chake. Mimi nayashika yote mawili: huenda kuna kitu pale, lakini kitu kinachohitaji maelfu ya majibu ili kionekane si kile ambacho muuzaji anakiita tofauti ya usiku na mchana.

Na santuri zilitupa ushahidi ambao hakuna aliyeupanga. Mwaka 2022 ilibainika kwamba santuri nyingi za kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, ambazo wapenzi walizisifu kwa kuwa za analogi tupu, yaani sauti isiyowahi kugeuzwa kuwa namba, zilikuwa zimepitia hatua ya dijitali tangu mwaka 2011. Walizisifu, na santuri zenyewe zilistahili sifa, maana zilitengenezwa vizuri. Kilichoanguka ni lile dai kwamba dijitali hujitambulisha yenyewe kwa sikio lenye uzoefu.

Waya ndio utakaoulizwa zaidi, basi jifunze hesabu yake uimalize. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, wenye urefu wa mita 3, kwenda na kurudi ni mita 6, una ukinzani wa kama omu 0.04. Kwa spika ya omu 8 unapoteza chini ya desibeli 0.05. Hakuna kitu cha kusikia hapo, awe ameusuka nani na kwa madini gani. Lakini chukua waya mwembamba wa milimita mraba 0.5, uvute mita 10. Ukinzani unakaribia omu 0.7. Spika haina omu 8 kila mahali. Ukinzani wake hupanda na kushuka kwa kufuata masafa. Inapokuwa omu 8 unapoteza desibeli 0.7, inaposhuka hadi 4 unapoteza 1.4. Sauti imepinda, na mwenye masikio ataisikia. Kwa hiyo anayesema "waya hauna sauti" amekosea sawasawa na yule mwenye waya wa kimiujiza. Wote wawili hawakukokotoa.

Amplifaya za valvu, zile za zamani zenye taa za kioo ndani badala ya transista, ni habari ileile kwa ukubwa zaidi. Nyingi zina ukinzani wao wenyewe upande wa kutolea sauti, wa omu moja, mbili au zaidi. Ukiwa na omu 2 na spika inayocheza kati ya omu 4 na 20, sauti hupanda na kushuka kwa karibu desibeli 2.7 kulingana na masafa. Mtu akikwambia amplifaya yake ya valvu ina ladha tofauti, mwamini kwanza, kisha mwonyeshe tofauti hiyo inatoka wapi.

Wapenda mita, wanaoamini vipimo tu, nao wana ugonjwa wao. Utawaona wakikataa amplifaya kwa kuwa upotoshaji wake ni asilimia 0.003 wakati nyingine ina 0.0005, halafu wanaiunganisha na spika ambayo kwenye besi ya nguvu hupotosha asilimia moja na zaidi. Zote mbili ziko chini sana ya kinachosikika. Wakati huohuo chumba chenye urefu wa mita 4 kinavimbisha besi karibu na hezi 43, huenda kwa desibeli 10, na hakuna aliyeinuka kusogeza spika. Ukiwa na saa moja tu ya kuboresha sauti ya mtu, itumie kwenye mahali pa spika na mahali pa kiti.

Ukisikia dai jipya, uliza: kiasi gani, na kwenye masafa gani? Waya wa dijitali, unaobeba sauti kama namba, ukidaiwa kuongeza besi, ungelazimika kubadilisha namba zenyewe kwa mpangilio, na waya hauwezi. Unachoweza ni kukatakata sauti au kuingiza mnguruma wa umeme. Na hapo usimdharau anayelalamika.

Kijana mmoja niliyemfundisha alikuja asubuhi akisema waya mpya wa analogi wa kuunganisha kicheza CD umeufanya muziki uwe msafi. Wenzake walimcheka. Tulisimamisha muziki, tukapandisha sauti, tukasikiliza ukimya. Kwa waya wa zamani kulikuwa na mnguruma wa chini, masafa yaleyale ya umeme wa ukutani; kwa waya mpya haukuwepo. Tulifungua plagi ya ule wa zamani tukakuta nyuzi za ngao, zile zinazoukinga waya na mnguruma, zimekatika, zimebaki mbili tatu. Alizilehemu upya kwa mkono wake, tukapima, mnguruma ukatoweka. Tukatundika kitambaa mbele ya meza, na katika majaribio 16 alipatia 8.