Jifunze mistari ya mwenzako

Wadogo zangu mnaoingia kwenye tamthilia za televisheni, nawaona kwenye odisheni hapa Nairobi mkiwa mmekariri mistari yenu mpaka nukta ya mwisho. Nikiwauliza mwenzako anasema nini kabla yako, mnanyamaza. Naomba tuanzie hapo.

Mimi nilitoka jukwaani, Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Kutoka pale hadi Broadcasting House ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, ni barabara moja tu, Harry Thuku, lakini ilinichukua karibu miaka miwili kuizoea kamera. Jukwaani sauti lazima imfikie aliyekaa nyuma kabisa. Kwenye seti, kinasa sauti kiko juu ya kichwa chako na kope ikicheza inaonekana. Hilo la sauti nililielewa upesi. La kusikiliza ndilo lililonitesa.

Nilipewa onyesho la mama anayeambiwa mwanawe amefungwa. Nililia vizuri, nikatoka seti nimeridhika. Kipindi kilipopeperushwa, kilio changu kilikuwa sekunde chache, muda uliobaki ni uso wa mwenzangu. Nilimwendea mhariri wa picha, akanionyesha kila kipande. Mwenzangu alipokuwa akizungumza, macho yangu yalikuwa yanangoja zamu. Hapakuwa na kitu cha kutumia. Watazamaji huipokea habari kupitia uso wa anayeambiwa, na mimi sikuwa nikiambiwa chochote, nilikuwa nikihesabu maneno.

Tangu hapo nasoma skripti nzima, na mistari ya wenzangu naisoma kwa sauti mara nyingi kuliko yangu.

Masikio hayohayo ndiyo yanayoleta lafudhi. Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, Benson Wanjau, aliyetuacha Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na Wakenya wengi waliamini ni Mjaluo kwa jinsi alivyokizungumza Kiswahili. Lafudhi ya namna hiyo hupatikana kwa kukaa na watu na kuwaheshimu. Msiiokote kwa mchekeshaji mwingine, mtaishia kudhihaki kabila la mtu. Nilipopewa nafasi ya mchuuzi wa samaki, nilienda soko la Gikomba Jumamosi kadhaa. Nilimwona mama mmoja ambaye akitaja bei hamtazami mteja, anamtazama samaki, anamgeuza taratibu. Niliipeleka ile kwenye seti, na mwongozaji akanipa muda zaidi pale mezani kwa samaki.

Tamthilia haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Nyumba imekodiwa siku mbili, kwa hiyo asubuhi unamzika mume, mchana unampikia chai. Kuwa na daftari. Andika namba ya onyesho, kanga uliyovaa, mkono ulioshika kikombe. Juu ya yote andika: kufikia hapa, mhusika wangu anajua nini? Nguo itakumbukwa na wengine. Hilo la mwisho hakuna atakayekukumbushia.

Kuhusu pesa nitasema machache, ila yananiuma. Kampuni moja ilivunjika ikiwa na deni langu la vipindi kumi na kimoja, na sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Ombeni mkataba kabla ya siku ya kwanza, na msome kipengele cha marudio: kipindi kikirushwa tena, au kikiuzwa kwa stesheni nyingine, wewe unapata nini? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki zake. Nyingi mnaziachia kwa sahihi zenu mkiwa na furaha ya kupata kazi. Ulizeni pia gari la kuwarudisha nyumbani shuti ikimalizika usiku.

Usiku wa leo, kabla ya odisheni ya kesho, mtafute dada au jirani. Mpe mistari yako aisome yeye. Wewe soma ya mwenzako, kisha nyamaza umsikilize.