Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Ninaacha Nyavu na Kwenda Kwenye Kamati

Mwanangu mpendwa,

Katika barua yako umeniuliza kwa nini mtu aliyesomea samaki wa maji baridi maisha yake yote sasa anaonekana zaidi mbele ya kamati za bajeti kuliko ndani ya mtumbwi, na kwa upole wako ukaongeza kwamba unaona kama ninaombaomba. Neno hilo limenichoma kidogo, sitakuficha, lakini swali ni la haki.

Ulipokuwa mdogo uliidhani kazi yangu kuwa matembezi. Nyavu hutegwa jioni na kutolewa alfajiri, na kila wavu una vipande vyenye matundu ya ukubwa tofauti ili wadogo na wakubwa wote wanaswe. Kila samaki hupimwa urefu na uzito, tumbo lake hupasuliwa tujue alikula nini, na baadhi yao hutolewa vijiwe vya sikioni, vyenye pete kama za gogo la mti, ambazo hutuambia umri wao. Mwaka unaofuata tunarudi palepale, mwezi uleule, kwa nyavu zilezile, maana samaki waliopimwa mara moja tu, hata wakiwa elfu kumi, hawawezi kutuambia kama wanapungua au wanaongezeka.

Ndiyo maana pengo linaniuma. Utakumbuka miaka miwili niliyoshinda nyumbani: wafadhili wetu walikuwa wamegeukia mambo mengine. Tuliporudi, samaki wakubwa walikuwa wamekwisha, na hadi leo siwezi kusema kama walipotea taratibu au kwa msimu mmoja, wala kama chanzo kilikuwa uvuvi au maji kukosa oksijeni. Fedha zilipatikana baadaye, tena nyingi kuliko za awali, lakini hakuna anayeweza kwenda kupima samaki wa mwaka uliopita.

Linganisha na Ghuba ya Mwanza. Watafiti wa Uholanzi na Tanzania walianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa aina nyingi, huko mwishoni mwa miaka ya 1970, bila kujua kwamba sangara, mla samaki wenzake aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, alikuwa karibu kufurika. Furu wengi walipotoweka katika miaka ya 1980, rekodi za kabla ya hapo zilikuwepo, na ndizo zilizoonyesha kilichopotea. Hakuna mfadhili ambaye angetoa senti kwa ajili ya balaa ambalo bado halijatokea. Lililipiwa jambo dogo zaidi, la kuwajua furu.

Huko Kanada nako, eneo la maziwa ya majaribio lililoanzishwa mwaka 1968 ndilo lililoonyesha wazi kwamba fosforasi ndiyo inayolijaza ziwa mwani. Kati ya 2001 na 2003 watafiti walitia katika ziwa moja homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwa kiasi kidogo mno, kama kile kinachopatikana kwenye majitaka. Madume wakaanza kuwa na dalili za kike, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kwisha. Pamoja na sifa hizo zote, mwaka 2012 serikali ilitangaza kuacha kuligharimia, na likaokolewa kwa sababu wanasayansi na wananchi walipiga kelele hadi taasisi nyingine ikalichukua mwaka 2014. Wangebaki kwenye mitumbwi yao wakingoja kueleweka, lingefungwa.

Mimi sina ufasaha wa kamati, na viti vyao vinaniumiza mgongo kuliko mtumbwi. Hata hivyo nimeacha kuwaahidi ugunduzi, kwa kuwa hiyo ni ahadi nisiyoimiliki. Alhamisi nitakwenda na daftari la zamani, lile lililolowa maji, niliweke mezani likiwa wazi kwenye ile miaka miwili isiyo na maandishi, kisha niwaombe waniambie nani kati yao anaweza kuijaza.

Mama yako