Vekta haibadiliki, au haiwezi kubadilishwa?

SWALI: Ninatafsiri mafunzo ya Clojure, lugha ya programu, na nimefika sura ya kutumia safu (array) za Java, yaani safu za jukwaa ambalo lugha hiyo inaendeshwa juu yake. Niziite "safu za kienyeji" au "safu asilia"? Nikizilinganisha na vekta, yaani orodha za thamani za Clojure yenyewe, nimeanza hivi: "Vekta haiwezi kubadilishwa lakini safu asilia inaweza kubadilishwa."

JIBU: Acha yote mawili. Asilia humpeleka msomaji msituni, kienyeji humpeleka kwenye banda la kuku. Mwenyeji ni mwenye mji, na tangu Clojure ilipotolewa mwaka 2007 mwenye mji wake ni Java. Andika "safu za mwenyeji". Zitakufaa hata ukifika ClojureScript, ambako mwenyeji ni JavaScript.

Kinachoniudhi hasa ni hiyo "haiwezi kubadilishwa". Imezagaa katika tafsiri za kompyuta kana kwamba Kiswahili hakina kauli ya kutendeka. Kikombe kikivunjwa, tunamtafuta aliyekivunja. Kikivunjika, habari ni ya kikombe chenyewe. Vekta ya Clojure haibadiliki, basi. Si kwamba mtu kakatazwa kuigusa, ndivyo ilivyoundwa. Ukiita conj, amri ya kuongeza kitu kwenye vekta, unapewa vekta mpya, na ile ya kwanza inabaki vilevile. Anayeandika "conj hubadilisha vekta" ameharibu lugha na programu kwa mkupuo mmoja.

Safu ya Java ndiyo inayostahili kutendwa. Urefu wake haubadiliki, lakini vilivyomo hubadilishwa papo hapo: aset huandika thamani mpya juu ya ile ya zamani, bila nakala, na kila sehemu ya programu iliyoishika safu hiyo inakutana na badiliko ambalo haikulitarajia. Hapo msomaji ana haki ya kuuliza, "Imebadilishwa na nani?" Kauli ya kutendwa humwachia nafasi ya hiyo "na". Usimpokonye.

Uzito wa jambo hili utauona kwenye vec, amri ya kutengenezea vekta. Ukiipa safu ya objekti yenye elementi zisizozidi 32, hainakili kitu. Huichukua safu ileile na kujengea vekta juu yake. Baadaye mtu akiipitishia aset, vekta uliyoambiwa haibadiliki inaonyesha thamani nyingine! Ndiyo maana maelezo rasmi ya vec yanaonya kwamba safu hiyo isiguswe tena. Mafunzo yako yaseme: "Vekta haibadiliki, mradi safu iliyo chini yake haibadilishwi, ukiwa na shaka, nakili kwanza kwa aclone." Kitenzi ni kimoja, kauli ni mbili, na kila moja inabeba onyo lake. Weka "haiwezi kubadilishwa" pande zote mbili, na onyo lote limezama.

"Haiwezi kubadilishwa" nitaivumilia pale tu unapozungumzia ruhusa, kama faili lililofungwa kwa nywila. Kwingineko kote, ifute.