Maswali ya Wasomaji: Mtandao upi umfae muuzaji, na upi umfae mwalimu?

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: kila kukicha kuna programu mpya, na wauzaji pamoja na walimu hawajui waifuate ipi. Tumechagua barua nne.

SWALI: Ninauza khanga na madera hapa Mwanza. Siku zote nimetegemea stetasi ya WhatsApp, lakini vijana wananiambia kwamba zama zake zimepita na nihamie TikTok. Je, nihame? *Mama wa khanga, Mwanza.*

JIBU: Usihame, dada yetu, ongeza. Mitandao hiyo miwili haifanyi kazi moja. Stetasi, kwa kawaida, huonwa na watu ambao una namba zao nao wana yako, na hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo kila siku unawaonyesha mzigo wale wale waliokwisha kukufahamu. TikTok humpelekea mtu video ya muuzaji asiyemfuata, kwa kuzingatia mambo anayopenda kutazama na muda anaoyatazama, na ndiyo maana video ya mtu asiye na mfuasi hata mmoja inaweza kumfikia mteja wa Kahama au wa Dar es Salaam. Huko ndiko utakakoonekana na wageni, lakini mauzo yenyewe, yaani kuulizana bei, kupatana, kutuma lipa namba na kupanga mzigo uende kwa basi gani, yataendelea kufanyika WhatsApp.

Iwapo bado unatumia WhatsApp ya kawaida, pakua WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka 2018. Ina katalogi ya kupanga bidhaa kwa picha na bei, ina majibu ya haraka ya kukuepusha kuandika maneno yale yale mara hamsini kwa siku, na ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayedaiwa. Katika katalogi, usiandike "khanga nzuri" kisha ukaishia hapo. Andika rangi, andika bei ya doti, na zaidi ya yote andika jina la khanga kama lilivyochapwa, kwa mfano "Japo sipati tamaa sikati", kwa sababu mteja wa khanga huchagua jina kabla ya ua, na akiliona ataagiza kwa kulitaja bila kukutumia picha kumi akiuliza ni ipi. Bei nayo iwe wazi. Mtindo wa kuandika "bei inbox" unawachosha wanunuzi, na sijaona faida yake isipokuwa kumfanya mtu ashuku kwamba kila mmoja anatajiwa bei yake.

Kuna kipengele kingine ambacho wauzaji wengi hukitumia bila kukielewa, nacho ni orodha ya matangazo, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 bila wao kuonana. Ujumbe huo haumfikii mtu ambaye hakuhifadhi namba yako. Unaweza kuutuma kwa mamia ukapokewa na wachache, ukadhani biashara imelala. Kila anayenunua mwombe aihifadhi namba yako hapo hapo, na uiandike pia kwenye mfuko wa kufungashia.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa zaidi: namba za wateja wako zinakiliwe pia nje ya simu, katika daftari, pamoja na kile ambacho kila mmoja hupenda kununua. Kufungua duka katika mtandao ni kujenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Vine, iliyokuwa ya video fupi kabla ya TikTok, ilifungwa mwaka 2017, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafuata mwaka 2019. Intaneti ilipozimwa Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, kurasa zilizokuwa na wafuasi wengi na zile zisizo na mfuasi zililala pamoja.

SWALI: Ninafundisha Kiswahili kidato cha nne katika shule ya kutwa. Wenzangu wawili wamenishauri, mmoja nifungue Google Classroom na mwingine Telegram, ili wanafunzi wajisomee jioni. Wengi wao hutumia simu za wazazi, na baadhi ya wazazi wana kitochi tu. *Mwalimu, Mbeya.*

JIBU: Mwalimu, umekwisha kutoa nusu ya jibu katika sentensi yako ya mwisho. Google Classroom, iliyoanza mwaka 2014, ni chombo kizuri cha kugawa kazi na kutunza alama, lakini hudhani kwamba kila mwanafunzi ana akaunti yake. Simu moja inapotumiwa na mama, na mtoto wa kidato cha nne, na mdogo wake wa darasa la sita, akaunti huchanganyika na kazi za mtu mmoja huonekana kwa jina la mwingine. Telegram hubeba mafaili makubwa, na mwanafunzi aliyechelewa kujiunga na chaneli huyakuta masomo ya nyuma. Hata hivyo, walimu wa Kenya waliokuwa wameitegemea walipata taabu Novemba 2024, pale mamlaka ya mawasiliano ilipoagiza izuiwe kwa muda kwa hofu ya kuvujishwa kwa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari.

Kwa hali uliyoieleza, ningeanza na chaneli ya WhatsApp, huduma iliyosambazwa duniani Septemba 2023. Tofauti na kundi, wafuasi wa chaneli hawaoni namba za wenzao, na hilo si dogo unapokuwa na wanafunzi wa kike au wazazi wasiofahamiana. Kasoro yake ni kwamba haina nafasi ya mjadala, kwa hiyo maswali yasubiri darasani. Usiweke humo alama za mtu yeyote, kwa kuwa chaneli inaweza kufunguliwa na asiyehusika.

Masomo yenyewe yaandae kwa ujumbe wa sauti na picha ya ubao. Sauti ya dakika tatu haifiki MB moja, ilhali video ya muda huo huo hula bando mara nyingi zaidi, na bando ni la mzazi. Somo lako pia lina mada ambazo sauti huzifaa kuliko maandishi: ukifundisha shadda, yaani mkazo wa silabi, mwanafunzi atakusikia ukitamka "barabara" ya kupita magari, kisha "barabara" yenye maana ya sawasawa, naye ataurudia ujumbe huo hadi sikio lishike. Wenye kitochi watumie SMS, swali moja fupi kwa jioni. Huduma ya Shupavu 291 nchini Kenya imeonyesha kwamba masomo hupitika kwa njia hiyo. Wenye simu janja waelekeze pia katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada.

Chochote utakachoandaa, baki na nakala yako. Edmodo, iliyotumiwa na walimu wengi duniani, ilifungwa Septemba 2022, na Jamboard, ubao wa kidijitali wa Google, ikakoma mwishoni mwa mwaka 2024.

SWALI: Shule yetu ya binafsi inataka kutangaza nafasi za masomo kupitia Facebook na Instagram. Tunaweza kutumia picha za watoto wakiwa darasani? *Mwalimu mkuu, Nakuru.*

JIBU: Mnaweza iwapo tu mzazi au mlezi wa kila mtoto anayetambulika katika picha amekubali, na ni vyema akubali kwa maandishi yanayotaja kwamba picha itatumika katika matangazo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini hiyo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini. Wasomaji wa Tanzania nao wanayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa maoni yangu, picha ya maabara, ya maktaba au ya uwanja, pamoja na karo iliyoandikwa bayana, humsaidia mzazi kuamua kuliko uso wa mtoto wa mwenziwe.

SWALI: Je, ni halali kutumia akili unde kutunga maswali ya mtihani na maneno ya matangazo? *Msomaji, Tanga.*

JIBU: Tumia kupata rasimu, kisha uisome kwa kalamu mkononi. Programu kama ChatGPT huandika Kiswahili kinachoteleza vizuri, lakini huweza kukosea upatanisho wa ngeli, na mara nyingine hutunga methali ambayo hakuna mzee aliyewahi kuisema. Usiipatie majina wala alama za wanafunzi wako, wala namba za wateja. Katika tangazo, bei, saizi na siku ya kufikisha mzigo viandike wewe mwenyewe, kwa sababu mteja akija kudai atakudai wewe.