Maswali yenu kuhusu kitenzi cha Kiingereza "counteract"

Mwalimu, "counteract" si ni kupinga tu?

Kupinga hakutoshi. Hoja unaweza kuipinga mchana kutwa nayo ikabaki palepale. "Counteract" ni kutenda kinyume na kitu mpaka athari yake ipungue au iishe. Mfano mzuri uko kwenye tiba. Mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akianza kuvuja damu kupita kiasi, daktari anaweza kumpa vitamini K. Vitamini hiyo haiitoi warfarini mwilini. Inaliwezesha ini kutengeneza tena protini za kugandisha damu. Dawa ingalimo, ila kazi yake imezimwa. Ndiyo maana mimi hutafsiri "kuzima athari ya" au "kupunguza nguvu ya", kutegemea kilichotokea.

Niliandika "counteract against the poison", nikasahihishwa. Kwa nini?

Kitenzi hiki hakihitaji kihusishi. "Counteract the poison", basi. Kosa hili nalielewa sana, kwa kuwa sisi husema kukabiliana na, kupambana na, kwenda kinyume na. Tukiingia kwenye Kiingereza tunaitafutia ile "na" mwenzake. Lakini ukinyume umo tayari ndani ya "counter", iliyotokana na "contra" ya Kilatini.

Naweza kusema "I counteracted my boss"?

Hapana. Huzimwa athari: sumu, uvumi, hofu, uchovu. Bosi unampinga, na hapo neno ni "oppose".

Mkazo unawekwa wapi?

Silabi ya mwisho: kaunta-AKT. Wakati uliopita ni "counteracted", na mkazo haubanduki kwenye "act".

Nachanganya "counteract", "neutralize" na "offset". Nisaidie.

Ukisema "neutralize", umesema nguvu ya kitu imekwisha kabisa, kama asidi inapokutana na kiasi sawasawa cha alkali. "Counteract" haiahidi kufika huko. Ndiyo sababu waandishi huitangulizia "partly" (kwa sehemu) au "completely" (kabisa), na ukitafsiri usiviruke vielezi hivyo, maana vinabadilisha habari nzima. "Offset" ni kufidia. Gharama za kiwanda zikipanda na mauzo nayo yakaongezeka, faida inaweza kubaki ileile, lakini gharama hazikushuka hata kidogo. Hapo ukiandika "counteract" msomaji atadhani kuna kitu kilichozishusha.