Usiku Oscar alipofunga 30 na bado tukapigwa

Mdogo wangu, salamu kwako na kwa wote mliojazana kwenye hiyo simu moja. Sauti zenu nimezisikiliza zote, hata ile ambayo mbuzi wa jirani ndiye anayesikika zaidi. Mmeona kipande cha video cha Oscar Tshiebwe akiwa na jezi ya basketi ya Chuo Kikuu cha Kentucky, huku Marekani, mkaambiwa ni mtoto wa Lubumbashi, mkakumbuka kwamba Lexington, mji wa chuo hicho, ndiko ninakoishi. Sasa mnataka kujua kama nilimwona akicheza, kama kweli huku mnyonge humpiga mkubwa, na mbona miaka yote hii kaka yenu bado analia njaa.

Nimemwona. Kwenye televisheni, kama ninyi. Tiketi ya Rupp Arena, uwanja wao wa watu zaidi ya elfu ishirini, sijawahi kuinunua. Lakini ipo mechi moja ambayo nikiwasimulia mtapata majibu yenu yote, ya usiku wa Machi 17, 2022.

Kwanza muuelewe mji huu. Simba na Yanga mnazijua. Sasa fikirini mji ambao wote ni Simba, hakuna Yanga hata mmoja. Hiyo ndiyo Lexington na chuo chake kikuu. Mchungaji anavaa bluu, fundi magari anavaa bluu, bibi wa miaka themanini anakutajia kikosi cha 1978 bila kukosea. Wamechukua ubingwa wa vyuo mara nane. Mimi nilipofika kutoka hapo kambini Nyarugusu, Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu, lakini nikivaa kofia ya bluu watu walinisemesha kwenye basi. Nilijifunza kuhesabu ribaundi, yaani mipira inayookotwa ikikosa kikapu, kabla sijajua kusoma bili ya umeme.

Na mwaka ule Oscar ndiye aliyekuwa ribaundi zenyewe. Alikuwa anaokota zaidi ya kumi na tano kila mechi, na msimu ulipoisha akatajwa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Wakongomani wa hapa, na tupo wengi, tulitembea vifua mbele. Kazini Wamarekani walikuwa wananiuliza, "Wewe pia ni wa Congo?" na kwa mara ya kwanza baada ya neno hilo hawakuuliza habari za vita.

Mashindano yenyewe wanayaita wazimu wa Machi. Mwaka ule zilikuwa timu 68, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Zinagawanywa makundi manne, na kila kundi linapangwa kwa namba, ya 1 ndiyo bora, ya 16 ni msindikizaji. Kentucky walipewa namba 2. Wakapangiwa namba 15, Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti huko Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Jina lao la utani ni Tausi. Tausi! Kwa shemeji tulicheka. Timu ambayo haikuwa imewahi kushinda hata mechi moja ya mashindano haya, inakuja kucheza na sisi, tena Indianapolis, mwendo wa saa tatu tu kwa gari kutoka kwetu, ukumbi umejaa bluu. Kocha wa Kentucky alikuwa analipwa kwa mwaka mara kadhaa ya bajeti nzima ya basketi ya wale Tausi. Hapo utabishana na nani?

Tulikuwa kwa shemeji watu kumi na mbili, ugali na sombe mezani, watoto sakafuni. Mechi ilianza saa moja na kitu usiku. Oscar alifanya kazi yake: pointi 30, ribaundi 16. Mdogo wangu, soma tena hizo namba. Kila mpira uliogonga chuma ulikuwa wake. Lakini wale vijana wa Jersey City hawakuondoka. Ukiwapita, wanarudi. Mmoja, Daryl Banks, alifunga 27 kana kwamba anacheza uwanja wa mtaani kwao. Mwingine, Doug Edert, mwenye kisharubu chembamba kama cha mtoto wa sekondari anayejaribu kukua, aliingia akitokea benchi akafunga 20. Na walikuwa na pacha wawili kutoka Mali, Hassan na Fousseyni Drame. Mama mmoja pale kwa shemeji akauliza, "Sasa na hawa Waafrika, tuwachukie?" Hakujibiwa.

Mimi zamu yangu ilikuwa saa nne. Zikiwa zimebaki dakika chache nikaitwa chini, gari limefika. Tunashirikiana gari moja watu watano, dereva hasubiri mtu, na ukichelewa ghalani unawekewa alama. Alama zikijaa unatafuta kazi nyingine. Kwa hiyo niliiacha mechi ya maisha yangu, nikafunga buti, nikashuka ngazi huku nikisikia kelele za wenzangu juu. Hayo ndiyo maisha ya huku, kwa anayeuliza.

Tulipofika maegesho, ubao ulikuwa 71 kwa 71. Edert alikuwa amesawazisha mwishoni kabisa. Muda wa ziada, dakika tano. Tukabaki ndani ya gari, simu tumeiegemeza kwenye usukani. Akatokea mzee mmoja wa zamu yetu, Mzungu wa vijijini, jaketi la bluu lililopauka. Miaka miwili nilikuwa nafanya naye kazi mstari mmoja na maneno yetu yalikuwa "habari" na "kesho". Akagonga kioo, akainama, akaingiza kichwa dirishani. Hakuomba. Tukatazama hivyo, Wakongomani watano na kichwa cha mzee, kwenye skrini iliyopasuka, na baridi inaingia.

85 kwa 79. Tausi.

Mzee hakutukana. Alibaki kichwa ndani ya gari letu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yule kijana wenu hakustahili hivi. Alisema "wenu". Halafu akaongeza "wetu". Sijui kama alikuwa anajisahihisha au anaongeza tu. Machozi alikuwa nayo, mzee mzima, na mimi pia, ingawa nilisingizia baridi.

Ndani ya ghala usiku ule ulisikia mashine peke yake. Mikeka ilikuwa imechanika ya karibu kila mtu, maana huku Machi wanabashiri hata wasiobashiri mwaka mzima. Aliyekuwa na furaha ni kijana mmoja wa Jamhuri ya Dominika aliyewahi kuishi Jersey City. Wakati wa mapumziko alituambia kwamba basi lake lilikuwa linapita mbele ya chuo kile kila asubuhi, na hakuwahi kujua kina timu ya basketi. Aliimba mpaka msimamizi akamnyamazisha.

Sasa niwaambie ambalo sikulisema kwa shemeji wala kwa yule mzee. Mpira wa mwisho ulipokwisha, kuna kitu ndani yangu kiliruka kwa furaha, kabla hata ya huzuni kufika. Timu ambayo hakuna anayeijua imeingia kwenye nyumba ya matajiri ikala chakula mezani. Mtu aliyepanga foleni ya mgao wa kambini hawezi kuona hilo akakaa kimya. Niliona aibu kwa ajili ya Oscar.

Na hawakuishia hapo. Wakawapiga Murray State, wakawapiga Purdue 67 kwa 64, wakawa timu ya kwanza namba 15 kufika nane bora. North Carolina ndio waliowasimamisha, 69 kwa 49. Kwa hiyo ndiyo, mnyonge anashinda. Lakini kipande cha video hakiwaonyeshi kilichofuata. Siku chache baadaye kocha wao, Shaheen Holloway, akaenda chuo kikubwa zaidi. Banks akahama, Edert akahama, wale pacha wakahama. Kufikia msimu uliofuata, kikosi kile kilikuwa hakipo.

Kuhusu mamilioni ya Oscar, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mnaniandikia kama vile sisi Wakongomani wa hapa tunagawana naye. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata pesa kwa majina yao: matangazo, fulana, kusaini mipira. Wenzake walizipata. Yeye alikuwa na visa ya mwanafunzi, na visa hiyo haikuruhusu kazi ya namna ile kwenye ardhi ya Marekani. Kiangazi kile timu iliposafiri kwenda Bahamas, ndipo alipofanya matangazo yake, huko nje ya nchi. Fikirini: mchezaji bora wa nchi hakuwa na ruhusa ya kuuza jina lake, na mimi mpakia maboksi, kwa kuwa nililetwa kama mkimbizi, niliruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu nilipofika. Karatasi yangu ilikuwa na nguvu kuliko yake. Baadaye alifika NBA, ligi ya kulipwa, Mungu ambariki. Mimi bado napakia.

Na hela ninazopata kwa kupakia: malipo ya kwanza ya mwezi yanaishia kwa mwenye nyumba. Ya pili yanagawanywa kwa umeme, bima ya gari, simu na chakula. Nauli ya ndege iliyotuleta ilikuwa mkopo, tukailipa kidogo kidogo kila mwezi. Wengi mnadhani ilikuwa zawadi. Kinachobaki ndicho mnachokiona kwenye M-Pesa ya mama mdogo. Nikikaa kimya wiki tatu, si kwamba nimewasahau. Nimekwama kwenye malipo ya pili.

Mzee wa jaketi la bluu alistaafu mwaka jana. Siku hizi Machi ikifika ananipigia simu, tunatazama kila mtu kwake, simu zikiwa wazi, na yeye anaongea zaidi ya mtangazaji.

Viatu vya basketi mlivyoniomba, namba 44, nimeandika. Si vya mwezi huu. Kuna dada anasafiri Kigoma mwezi wa saba, amekubali kilo mbili. Jozi moja, mvae kwa zamu, na aliye na mguu wa 46 akate tamaa mapema.